Mchezo Uliolala Chini ya Kitambaa cha Maua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda chetu. Shemeji yetu mpendwa, uliyeketi hapo mbele na kitambaa chako magotini. Viongozi wa chama cha wafanyakazi. Wakata sponji wenzangu, washonaji, wapakiaji, madereva. Dada zetu wa kantini, ambao harufu ya kazi yenu imeshafika hapa na kuwafanya watu waombe hotuba hii iwe fupi. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za mchana, na karibuni nyumbani.

Kwenye ratiba mliyogawiwa mlangoni mimi nimeandikwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kantini. Ni cheo kizuri, nakishukuru. Lakini wanaonifahamu wanajua kwamba sikuombwa kusimama hapa kwa sababu ya cheo. Nimeombwa kwa sababu, katika maisha yote ya meza ile ya pool mnayoiona pale katikati ya ukumbi, mimi ndiye mtu aliyefungwa mara nyingi kuliko wote, na aliyenifunga alikuwa mmoja, rafiki yangu, marehemu fundi wetu wa kingo, tuliyemwita Sindano.

Mheshimiwa, najua ratiba inasema kwamba baada ya hotuba hii wewe utakata utepe, kisha utashika fimbo na kupiga mpira wa kwanza, na wapiga picha watakupiga wewe. Naomba radhi mapema, kwa heshima zote. Kabla sijamaliza nitakuomba uniazime nafasi hiyo. Kwa nini? Kwa sababu juu ya meza ile, chini ya kile kifuniko, kuna mchezo wa watu. Umelala pale tangu mwaka jana, na hauwezi kuanza mwingine kabla huo haujaisha. Nipeni muda nieleze.

Wageni wetu huenda hamjui jinsi sisi watu wa magodoro tunavyoishi. Kiwanda cha magodoro kina ukimya wake. Mashine zinanguruma, ndiyo, lakini sponji inakunywa kelele. Ukipita kati ya marundo yale marefu pale stoo, hata nyayo zako huzisikii. Mtu akikuita kutoka upande wa pili, sauti inakufikia imechoka, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Vumbi laini linaelea kwenye mwanga wa madirisha ya juu na halina haraka ya kushuka. Nimekata sponji humu tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, na mpaka leo kuna saa za mchana ambazo sina hakika kama nipo kazini au naota nipo kazini.

Na katika ukimya huo, saa ya chakula, kulikuwa na sauti moja tu iliyokuwa kali na safi. Ta! Mpira ukigonga mpira. Ukiwa upande wa kukata unaisikia, ukiwa kwenye cherehani unaisikia. Ukiisikia, unajua Sindano ameshamaliza kula.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kuchungulia. Jina la Sindano lilimkaa kwa umbo na kwa kazi pia, kwani yeye ndiye aliyekuwa akishona ule ukingo unaozunguka godoro na kulifunga. Ni kazi isiyotaka pupa. Ukikosea kwenye kona, godoro zima linapinda, na mnunuzi analala upande upande maisha yake yote bila kujua kwa nini. Sindano hakukosea kona. Alikuwa akizungusha godoro kwa mkono mmoja, taratibu, huku akiimba kitu kisicho na maneno, na kona inakuja yenyewe.

Meza ile tuliipata ikiwa imezeeka tayari. Ilikuwa ya hoteli moja iliyofungwa, ikaletwa kwetu imechanika kitambaa, na kitambaa cha kijani cha meza kama hizo hatukujua kinauzwa wapi. Basi Sindano akafanya alichojua kufanya. Akaenda kwenye kitambaa chetu cha magodoro, kile cheupe chenye maua ya bluu, akakata, akakivuta, akakishona na kukipigilia mpaka kikawa hakina hata kunyanzi moja. Tukacheka siku hiyo! Nani aliwahi kuona meza ya pool yenye maua? Dereva wetu wa lori akasema, "Hii sasa ni ya kulalia, siyo ya kuchezea." Lakini tulipopiga mpira wa kwanza, ukatembea vizuri kama uko nyumbani kwao. Na baadaye tukagundua faida ya yale maua. Mtu hasemi tena "mpira uko pale." Anasema, "Uko kwenye ua la pili kutoka kona, umeegemea jani." Tukawa na meza yenye anwani.

Sasa kuna mila ya meza hii ambayo wageni ni lazima muifahamu. Saa ya chakula kwetu ni fupi, na king'ora kikilia hakuna anayebaki. Hata kama fimbo iko mkononi na mpira uko mdomoni mwa shimo, unaweka fimbo chini. Na mipira haiguswi. Inabaki pale ilipo. Sindano alikuwa anachukua kile kifuniko alichokishona mwenyewe, anakitandaza juu taratibu, kama anavyofunikwa mtoto, na kusema, "Umelala." Kisha sote tunarudi kazini. Kesho yake saa ya chakula anakifunua, anasema, "Umeamka," na aliyekuwa na zamu anaendelea.

Na hapo ndipo ilipokuwa siri ya Sindano, ndugu zangu. Kwa maana saa ya chakula ikiisha unamwona amekwama. Anazunguka meza, anainama, anafumba jicho, anapaka chaki, anainama tena. Tunamzomea: "Piga basi, tuzeeke!" Hapigi. King'ora kinalia, anafunika, anaondoka na kichwa kimeinama. Kesho yake anakuja, anafunua, hazunguki, hainami, hapimi. Anapiga moja kwa moja, na mpira unaingia pale ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepafikiria.

Tukamuuliza, "Wewe, umefanyaje?"

Anatabasamu. "Nimeota," anasema. "Nimelala, nikaota, nikaona njia."

Mtabisha? Sisi hatukubisha. Watu tunaotengeneza magodoro tutabishaje kwamba usingizi una kazi yake? Tukaanza na sisi kujaribu. Mtunza stoo wetu, yule pale anayejificha nyuma ya nguzo, alipeleka nyumbani mchezo mzima kichwani, akalala mapema, akaota anafukuzwa na mbuzi. Alipokuja kesho yake akakosa hata mpira uliokuwa shimoni nusu. Mimi nilibadilisha mto. Nikabadilisha upande wa kulala. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nilichoota mimi ni Sindano ananifunga, na nikiamka nakuja hapa ananifunga tena, yaani nafungwa usiku na mchana.

Lakini nilikuwa nafurahi. Acheni niseme wazi, kwa sababu yeye alipokuwepo hatukuwa watu wa kuambiana mambo hayo. Nilimpenda yule mtu. Nilipenda kukaa kwenye lile benchi la mbao, nimeegemea ukuta wenye joto, nikimwangalia anavyofikiri. Kulikuwa na mchana mwingine jua linapita kwenye vioo vichafu vya kantini ya zamani, maua ya bluu yanang'aa, mipira imetulia juu yake, na hakuna anayesema kitu. Nilikuwa naomba king'ora kichelewe. Unaweza ukawa na rafiki miaka yote hiyo na mazungumzo yenu, ukiyakusanya, yasijaze hata ukurasa. Sisi tulikuwa hivyo.

Mchezo wake wa mwisho alicheza na mimi. Mipira yote ya rangi ilikuwa imekwisha. Ilibaki miwili mezani, mweupe na mweusi. Kwa wasiojua, mweupe ndio unaopigwa na fimbo, na mweusi ndio wa kumalizia. Anayeuzamisha mweusi ameshinda. Ila kuna sheria moja yenye roho mbaya: mweupe wako nao ukitumbukia nyuma yake, umeshindwa, hata kama mweusi umeingia vizuri kiasi gani. Zamu ilikuwa ya Sindano. Akazunguka, akainama, akapaka chaki. King'ora kikalia. Akatandaza kifuniko, akasema "Umelala," akanigonga bega, akarudi kwenye cherehani yake.

Alfajiri iliyofuata hakuamka. Hakuugua, hakuita mtu. Alilala kwenye godoro ambalo mimi nilikata sponji yake na yeye akashona ukingo wake, akaondoka.

Baada ya maziko tulirudi kazini, na saa ya chakula tukakaa kuizunguka ile meza iliyofunikwa. Nani angefunua? Nani angesema "Umeamka"? Mimi nilikuwa mpinzani wake, lakini zamu haikuwa yangu. Siwezi kucheza zamu ya mtu. Basi tukaacha. Siku zikapita, tukaendelea kuacha. Wakaja wafanyakazi wapya, wakaona wazee wanakula chakula wakiangalia meza iliyofunikwa, na mmoja wao akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani wakubwa, hii meza ni ya kuchezea au ni ya kuombolezea?" Tukaendelea kula. Ukweli ni kwamba ilikuwa inatufaa. Mradi mchezo ule umelala, Sindano ni mtu mwenye zamu. Mtu mwenye zamu bado anasubiriwa.

Kisha uongozi, ambao tunaushukuru sana, ukatujengea ukumbi huu. Akaja fundi rangi kutoka nje kupaka yale majengo ya zamani. Mtu mwema, mchapakazi. Alitaka kuisogeza meza kidogo apake ukuta, akafunua, akakuta mipira miwili imesahauliwa na watu wazembe. Akaiokota akaitia shimoni. Akachukua kitambaa chenye maji akafuta vumbi. Akakunja kifuniko vizuri. Tulipoingia saa ya chakula alikuwa amesimama pembeni anangoja shukrani.

"Nimewasafishia meza yenu," akasema.

 Mpishi mkuu alitoka jikoni na upawa mkononi, akaona, akakaa chini. Maskini fundi rangi akadhani ameharibu mashine. Tukamweleza. Akashika kichwa. "Basi tuirudishe," akasema. "Ilikuwa wapi?"

Swali jepesi, au siyo? Ilikuwa wapi! Mpishi akasema mweusi ulikuwa kwenye ua lililo karibu na dirisha lake la kugawia chakula, yeye aliuona kila siku. Mtunza stoo akasema hapana, ulikuwa upande wa pili kabisa, karibu na benchi lake. Dereva akasema ulikuwa katikati. Kila mtu aliukumbuka kutoka pale alipokuwa anakaa, na kila mtu alikuwa tayari kula kiapo. Mpira mweusi ulitembea meza nzima mchana ule bila kupigwa na fimbo. Kwa sababu maua yale, ndugu zangu, yanafanana. Anwani ulikuwa nayo, lakini mtaa mzima una nyumba za rangi moja.

Wakanigeukia mimi. "Kisu," wakasema, maana hilo ndilo jina langu humu, "wewe ndiye uliyekuwa unacheza naye. Sema."

Nikainama juu ya meza. Nikafumba macho nione. Nikaona mikono yake. Nikaona chaki kwenye kidole, na ule mkunjo kwenye paji la uso, na kola ya shati. Mipira sikuiona. Mchana wote ule sikuwa naangalia mipira. Nilikuwa namwangalia yeye.

Jioni ile nikaenda kwa Shemeji. Niliona ni wajibu wangu kumwambia kwamba kitu cha mwisho cha mumewe tumekipoteza. Na niliogopa, nasema kweli, kwa maana sisi siku zote tuliamini Shemeji haipendi ile meza. Hakuwahi kuingia kantini yetu. Yeye ni muuguzi, wengi wenu mnamfahamu, ana zamu zake na uchovu wake, na tulidhani anamwona Sindano kama mtu anayecheza wakati wengine wanafanya kazi.

Nikakaa sebuleni, nikazunguka maneno weee, mwishowe nikasema. Mipira imeokotwa. Hatujui ilikuwa wapi.

Shemeji akaniangalia. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Shemeji," akaniambia, "twende jikoni."

Jikoni kuna meza ya kulia. Juu yake kimetandazwa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu. Nikakitambua papo hapo. Humu kiwandani hatukati kitambaa kimoja kimoja. Tunalaza viwili, kimoja juu ya kingine, na kukata mara moja. Siku Sindano alipokata kitambaa cha meza ya pool, mkato ulitoa viwili, ua chini ya ua, jani chini ya jani, na cha pili alikipeleka nyumbani. Meza ya jikoni ni ndogo, kwa hiyo pembe zinaning'inia. Na juu ya kile kitambaa kulikuwa na vifungo viwili vya godoro, kimoja cheupe, kimoja cheusi.

"Kila jioni," Shemeji akasema. "Akishanawa mikono, kabla sijapakua, anatoa vifungo vyake mfukoni na kuvipanga. 'Mke wangu, mweupe uko hapa, mweusi hapa. Kisu anadhani nimekwama. Ungekuwa wewe ungepita wapi?'"

"Na wewe unamjibu?"

"Namjibu nikikoroga mboga. Mimi pool siijui, Shemeji. Lakini maisha yangu yote nasukuma vitanda vya magurudumu kwenye korido nyembamba. Najua kitu kikigonga ukuta hapa kitarudi wapi. Namwonyesha kwa mwiko."

Nikakaa.  "Yeye alituambia anaota."

"Najua. Mimi ndiye niliyemkataza kunitaja," akasema. "Mngejua, mngekuja wote hapa na vifungo vyenu, na mboga yangu ingeungua kila siku."

Mmesikia, wazee wa benchi? Mlibadilisha mito bure. Tulikuwa tunafungwa na mwiko.

Nikamuuliza kuhusu vile vifungo viwili. Akavipitishia kidole bila kuvisogeza, na nikaona kwamba havisogei. Alikuwa amevishona. Alipoanza kuogopa kwamba mjukuu atavichezea, au upepo wa dirishani utavikokota, alichukua uzi na kuvishonea palepale vilipokuwa. Na tangu siku hiyo chakula anakula na sahani magotini, kwa sababu meza ina mchezo.

"Jioni ya mwisho tulibishana," akaniambia. Hapo hakuwa anacheka tena. "Nilimwambia apige mweusi uingie shimo la kona, lile la upande wa dirisha, apige kwa upole. Akasema, 'Mweusi utaingia, hapo umesema kweli. Lakini mweupe utaufuata.' Nikamwambia haufuati, utasimama. Akasema, 'Utaufuata, mke wangu. Polepole, lakini utaufuata.' Nikamwambia wewe mbishi, nenda kalale. Akasema, 'Kesho nitakuonyesha.' Akaenda kulala anatabasamu."

 Halafu akasema neno ambalo ndilo limenileta mbele yenu leo. Akasema, "Shemeji, mimi nimeona watu wengi wakifa, nimezoea mambo makubwa. Msiba wenyewe nimeubeba. Lakini kila jioni nikiangalia vifungo hivi najiuliza nani kati yetu alikuwa amesema kweli. Nataka kujua tu. Mtu hawezi kuondoka katikati ya mabishano namna hiyo."

Ndugu zangu, ningemjibu nini? Ningemwambia ni mpira tu? Nyinyi mlio na wenzi nyumbani mnajua ndoa inakaa wapi. Haikai kwenye picha ya harusi iliyo ukutani. Inakaa pale kwenye ubishi mdogo wa jikoni ambao kesho yake unaendelea ulipoishia.

Leo asubuhi, kabla wageni hamjafika, Shemeji alikuja na kile kitambaa. Tulikitandaza juu ya meza yetu ile ile, iliyohamishiwa ukumbi huu mpya, na kikalala sawasawa, ua juu ya ua. Tukachoma sindano kupitia kila kifungo mpaka ikagusa kitambaa cha chini, tukakiondoa, tukaweka mweupe kwenye alama yake na mweusi kwenye alama yake. Mpishi akaangalia akasema, "Si nilisema?" Mtunza stoo akasema, "Mimi ndiye niliyesema." Mweusi haukuwa hata karibu na pale walipokuwa wamesema. Kisha tukafunika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi langu ndilo hilo. Utepe ni wako. Ukumbi ni wako kuufungua, na tunakushukuru. Lakini mpira wa kwanza, nakuomba, umwachie mwenye zamu.

Umekubali. Asante. Mpigieni makofi, jamani, si viongozi wote wanaoweza kukaa chini wakiwa wameshavaa suti ya kupigiwa picha.

Shemeji, karibu. Fimbo hii hapa. Ndiyo hii, ile ile yake, pale juu kuna alama ya jino la mwanao alipokuwa mdogo. Shika hivi. Hapana, shika unavyotaka wewe, mimi ni nani nikufundishe, mtu aliyefungwa na mwiko wako miaka yote.

Na mimi nasema mbele ya mashahidi: mpinzani ni mimi. Ukiingiza mweusi na mweupe ukasimama, nimefungwa tena. Na sijawahi kutamani kufungwa kama leo.

Ngojeni nifunue. Taratibu.

Umeamka.

Naomba utulivu. Jikoni, naomba mwache sufuria. Kwa upole, Shemeji, kama ulivyomwambia.

Ta!

Mmesikia? Ndiyo sauti yenyewe ile. Mweusi unakwenda. Unapita ua la kwanza. Unagusa ukingo, unarudi... unaelekea kona ya dirisha... Umeingia! Umeingia, jamani! Shemeji, ulisema kweli, mweusi umei...

Ngojeni. Msipige makofi bado. Mweupe haujasimama.

Unatembea. Polepole sana. Umefika jani la mwisho. Utasimama sasa... haujasimama... unaangalia shimo kama mtu anayefikiria kuingia ndani au asiingie...

Umeingia.

Umeufuata.

Shemeji, unacheka au unalia? Vyote? Basi fanya vyote, hapa ni kwenu. Mtu asogeze kiti, amkalishe. Amesema nini? Rudia, Shemeji, watu wa nyuma wakusikie. Anasema, "Mbishi yule! Alisema. Alisema!"

Ndiyo, alisema. Alisema kesho atakuonyesha, na imechelewa kidogo hiyo kesho, lakini amekuonyesha. Amekujibu, Shemeji. Jioni ya leo kula mezani.

Na kwa sheria za meza hii, mweupe ukiufuata mweusi, mpinzani ameshinda. Maana yake nimemfunga Sindano. Mara ya kwanza maishani mwangu nimemfunga, na hayupo nimcheke. Natamani angekuwepo anifunge.

Basi, wafanyakazi wapya, pangeni mipira. Meza iko wazi, na ni ya kuchezea. King'ora kikilia msiguse kitu, funikeni, mseme "Umelala," mwende kazini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi, Shemeji, wageni wote: asanteni kwa masikio yenu, na zaidi asanteni kwa ule ukimya mliotupa wakati mpira unatembea. Nimemaliza. Na yeye amemaliza.